Mbao za Majirani

Dongobesh,
Jumapili, 9 Julai 2023

Kwa dada yangu mpendwa Benedikta,

Shikamoo dada. Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, na miguu yako imepunguza kuuma kwa baridi hii. Shemeji Clement nampa shikamoo yake, umwulize kama yule ng'ombe mwenye pembe moja ameshazaa. Sara mwambie mjomba anamsalimu, na kwamba kidato cha pili hakina mchezo, asome.

Huku sisi tunapumua. Mama anaamka, anaota jua ukutani, anakunywa uji nusu kikombe na kusema ameshiba. Macho yamezidi kufifia lakini masikio yake bado ni ya msichana. Pikipiki ikianza kupanda kilima anaijua ni ya nani kabla haijafika kwenye mikaratusi ya kona. Ile ya marehemu mdogo wetu Xavery tuliipeleka kwa mtu wa mbali, nami nilishukuru, maana kijana wa jirani alikuwa akiiazima, na Mama akiisikia alikuwa anainuka kwenye kigoda, anasimama kidogo, halafu anakaa tena.

Mahindi tumepata ya kula tu. Kitunguu saumu kimekubali, ila ukungu wa mwezi wa sita ulichelewesha kukausha na vingine vimeota vikiwa darini. Mbwa wetu alikufa. Judica, mjane wa Xavery, hayuko tena hapa. Aliondoka mwishoni mwa mwezi wa tano na mtoto, amerudi kwa wazazi wake Masakta. Hatukugombana. Alifagia nyumba yao, akamletea Mama funguo, akasema kwamba kisimani hawezi tena kwenda. Nilimwuliza kwa nini. Akasema kwamba wanawake wakimwona wanapunguza sauti, na siku moja mmoja alimwambia ashukuru Mungu, mume mlevi akiondoka mapema anapunguza taabu ya nyumba. Yule mwanamke alidhani anamfariji. Judica alinisimulia huku akifunga mtoto mgongoni, na sikuweza kumwangalia.

Dada, utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Nimekupigia mara nne tangu msiba. Kila mara nimeishia kukuuliza kama perege wanapatikana huko ziwani, na wewe kuniuliza saumu, halafu tunaagana. Nikiandika, sauti yako haipo ya kunifanya nigeuze maneno. Nimemwomba dereva wa gari la Haydom aifikishe hii mkononi mwako. Isome ukiwa umekaa, na Sara asiwe karibu.

Ni Sara ndiye aliyenifanya niandike. Alinipigia wiki mbili zilizopita kwa simu ya rafiki yake, akinong'ona, kwamba mama yake tangu Aprili hapokei Ekaristi. Alisema watu wakienda mbele wewe unabaki kwenye benchi na kujifanya unatafuta kitu kwenye mfuko. Akasema kwamba mtungi wa pombe uliupasua kwa jembe, na ulimwambia shemeji kwamba mkono huu ulimmiminia mdogo wangu kibuyu cha pili, na kibuyu hicho ndicho kilichomwangusha. Sara aliniuliza kama ni kweli, maana sherehe ilikuwa ya kipaimara chake, na kama ni kweli basi na yeye yumo. Mtoto wa miaka kumi na mitano, dada. Nilimwambia tutaongea. Nikakata simu nikaenda kusimama nyuma ya zizi.

Sasa nikueleze. Nitaanza nyuma kidogo ili uelewe yote.

Unajua mwaka jana kijiji kilianza bweni la wasichana kwa nguvu za wananchi. Mkutano ulitaka mtunza stoo, na Rogathe, yule mwalimu wetu wa darasa la nne, ambaye sasa amestaafu na ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, alisimama akasema kwamba huyu Maksi ni mwanafunzi wake mwenyewe, na katika maisha yake hajapoteza hata sindano. Watu walicheka wakapiga makofi. Mimi niliona aibu, lakini nilifurahi pia. Mtu wa darasa la saba kama mimi hatajwi mara nyingi kwenye mkutano.

Walinipeleka wilayani kwa mafunzo ya siku moja. Nilirudi na karatasi mbili na nilizisoma mpaka nikazishika kichwani. Saruji isilale chini, iinuliwe juu ya mbao. Isiguse ukuta. Isipangwe zaidi ya mifuko kumi kwenda juu. Nondo zisilale kwenye udongo. Matofali yapangwe kwa safu, yasiachwe yametapakaa. Ukurasa wa pili ulihusu watu wanaofanya kazi juu, jinsi jukwaa linavyotakiwa kuwa, mbao nene, zilizofungwa, na kizuizi pembeni. Ule nao niliusoma, ila niliona ni wa fundi, si wangu. Wangu ulikuwa wa stoo.

Fundi alikuwa Isidori, mtu wa Katesh, mrefu, mwenye maneno mengi. Aliniita Waziri wa Saruji. Asubuhi nikifungua stoo alikuwa akipiga saluti na kuniuliza kama serikali yangu imelala salama. Xavery, ambaye alikuwa saidia fundi, alikuwa akijibu kwa niaba yangu kwamba waziri hajalala, amekesha akiifunika mifuko blanketi. Walinicheka mpaka na mimi nikacheka. Lakini Isidori alikuwa na desturi moja ambayo hakuifanyia mzaha. Kila asubuhi kabla ya mtu yeyote kupanda, yeye mwenyewe alipanda jukwaani akatembea toka mwanzo mpaka mwisho akikanyaga kila ubao kwa kisigino, mara mbili mbili. Ulikuwa unasikia du, du, kijiji kizima. Mama alikuwa akisema, fundi ameamka. Siku moja Xavery alimtania kwamba anapiga ngoma, na Isidori akamjibu kwamba akisikia ngoma imekosea pigo basi asipande, hata kama ameitwa na baba paroko.

Mbao za jukwaa hatukununua. Kila kitongoji kilileta chake, kama ulivyo utaratibu wa hapa. Wengine mchanga, wengine maji, na nyumba kumi na mbili za kitongoji chetu ziliazimisha ubao mmoja mmoja, ubao mzuri, mnene, wenye jina la nyumba limeandikwa kwa rangi kwenye ncha, ili paa likiisha kila mmoja arudishiwe wake. Wetu ulikuwa ule wa mwerezi wa marehemu Baba, uliokuwa juu ya mlango wa zizi. Mimi ndiye niliyezipokea. Nilimhakikishia kila mwenye ubao kwamba utarudi kama ulivyokuja.

Kumbe hapo ndipo nilipojifunga.

Mvua za Aprili unazijua. Zilipoanza, wenye mbao walianza kunisimamisha njiani. Mama Fausta ndiye aliyeongoza. Ubao wake alikuwa ameutunza kwa ajili ya mlango wa nyumba ya binti yake, na sasa uko juu unaloa, unajikunja kama ulimi wa ng'ombe. Aliniambia mbele ya kanisa, watu wakisikia, kwamba yeye alimwazima Maksi, hakuiazima mvua. Watu wakacheka. Nilimwahidi kwamba nitauangalia.

Wiki hiyohiyo tukapata taarifa kwamba mhandisi atakuja Alhamisi kukagua. Niliingia stoo nikaangalia. Saruji ilikuwa mpya, mifuko mia na arobaini, na mbao nilizokuwa nazo chini yake zilitosha nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa imelala juu ya nailoni kwenye sakafu ya udongo, na mifuko ya chini ilikuwa imeanza kuwa migumu kwenye pembe. Nililala siku tatu naiona pembe ile. Niliona Rogathe akisomewa na mhandisi kwamba mtunza stoo wake ameharibu saruji ya wananchi.

Jumapili ya tarehe kumi na sita ilikuwa sherehe ya Sara. Uliniuliza mara nyingi mbona sikuja, na nilikujibu kwamba nililinda stoo. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana niliweza kulisema kwa muda mrefu. Xavery alipita asubuhi kwenye pikipiki, amevaa shati jeupe na viatu vyangu, akaniambia nipande twende, saruji haina miguu. Nilikataa. Akasema basi atakula sehemu yangu, na kwamba dada akiuliza atamwambia waziri yuko kikaoni. Aliondoka huku akipiga mluzi wake ule wa upande mmoja wa mdomo, ambao Baba alimkataza tangu akiwa mdogo na hakuuacha.

Baada ya Misa nilirudi peke yangu bwenini. Ukuta wa kusini, ule unaopanda hadi kwenye ncha ya paa, kazi yake ilikuwa imesimama kwa muda, na Isidori alikuwa amesema kwamba hawatarudi huko hadi Jumatano. Niliangalia zile mbao kule juu, zinang'aa kwa maji, na majina ya majirani. Nikafikiri kwamba nikizishusha nitakuwa nimefanya mambo mawili mema kwa mkono mmoja. Mbao za watu zitakauka, na saruji itainuka. Nilipanda, nikafungua kamba, nikashusha mbao saba. Nilizifuta moja moja kwa gunia. Nikazipanga chini, nikahamisha mifuko sabini mgongoni, peke yangu, mpaka jioni, na nilipomaliza, dada, ilikuwa imepangika kama vitabu. Nilisimama mlangoni nikaiangalia kwa furaha. Nakuambia hili ili usifikiri nilikuwa mtu mwenye hasira au mlevi. Nilikuwa na furaha.

Halafu nikaona jukwaa limebaki na pengo, kama mdomo uliong'olewa meno, na kila mpita njia angeliona akauliza. Nilichukua mabanzi ya msonobari, yale membamba yenye magome tuliyoletewa kwa uzio, nikayalaza pale pale zilipokuwa mbao. Sikuyafunga. Ukiwa chini huwezi kujua. Nilijiambia kwamba kesho asubuhi nitamwambia Isidori kabla hajaanza ngoma yake.

Na matofali, yaliyokuwa yametapakaa chini ya ukuta ule, niliyapanga kwa safu, safi, chini ya jukwaa, kama karatasi ilivyosema.

Asubuhi ya Jumatatu Isidori hakuwepo. Alikuwa amepita moja kwa moja sokoni kufuata misumari. Hakuna aliyekanyaga mbao siku ile. Xavery alikuja saa moja na nusu, amenyooka, amenawa, na ndevu amenyoa. Nakuapia kwa kaburi la Baba kwamba hakuwa amelewa. Alinisimulia jinsi Sara alivyotetemeka askofu alipomgusa, na jinsi shemeji alivyocheza mpaka kofia ikaangukia kwenye sufuria ya wali. Alinipa kipande cha nyama ulichonifungia kwenye jani la mgomba. Vibuyu vyako viwili alivinywa saa nane mchana wa Jumapili, akalala kwako mpaka jua likapoa, akaja nyumbani, akala ugali kwa Mama, akalala tena. Mtu wa namna hiyo asubuhi hana pombe kichwani. Mimi ndiye niliyekuwa naye. Najua.

Mvua ikaanza kudondoka, ile nyembamba ya ukungu. Rogathe alikuwa amefika kuangalia maandalizi ya ukaguzi. Nilimfungulia stoo. Alisimama pale mlangoni, akaweka mikono nyuma kama alivyokuwa akifanya darasani, akasema kwamba hivi ndivyo alivyowaambia watu mkutanoni. Kisha akaona tone linaingia kwenye bati lenye tundu, karibu na mifuko, akauliza kama tuna turubai. Nikakumbuka kwamba turubai limebaki juu ya jukwaa la kusini, limefunika ukuta. Nikamwita Xavery nikamwambia alilete haraka.

Hapa ndipo, dada. Hapa ndipo ninapopita kila usiku na mchana tangu siku ile.

Alikuwa amefika kama katikati ya ngazi nilipokumbuka mabanzi. Nilikumbuka kabisa, si kwamba nilisahau. Niliuona mguu wake wenye buti langu ukitafuta kidato cha ngazi. Nafasi ya kupiga kelele ilikuwepo. Ningesema tu Xavery shuka, neno dogo. Lakini Rogathe alikuwa amesimama kando yangu, bado anaisifu ile saruji, na ningempigia kelele Xavery ningelazimika kueleza kwa nini, kwamba mbao zilizoinua saruji aliyokuwa anaisifu zimeng'olewa kwenye jukwaa. Niliona aibu. Nikasema moyoni kwamba ni mwepesi, atapita, ni hatua tatu tu, na akishuka nitalirekebisha. Nikafunga mdomo. Nikageuka nikamwonyesha Rogathe nondo.

Sikuona alivyoanguka. Nilisikia. Kwanza banzi, halafu kimya kifupi, halafu matofali.

Tulipomfikia alikuwa amelala ubavu juu ya safu zangu, na macho yamefunguka. Hakulia. Aliniambia kwamba turubai limenaswa na msumari, nisilivute kwa nguvu, litachanika. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho ya maana. Ndani ya gari, kabla ya kufika hospitali, aliita Mama mara moja, na halafu nilikuwa nimeshika mkono wa mtu ambaye hayupo.

Mwenyekiti wa kijiji alituuliza mchana uleule, mimi na Rogathe na vijana waliokuwepo. Rogathe alisema alimwona akipanda, basi. Mmoja wa vijana akasema jana marehemu alikuwa kwenye sherehe Basotu. Mwenyekiti akanigeukia mimi, kwa upole, kwa sababu ni kaka, akaniuliza kama ndugu yangu alikuwa amekunywa. Nikatazama chini. Nikasema kwamba alitoka sherehe jana.

Sikusema alikuwa amelewa. Nilisema alitoka sherehe jana. Kila neno ni kweli, na wote walielewa nilichotaka waelewe. Wakaandika kwamba marehemu alipanda jukwaani bila ruhusa ya fundi akiwa na uchovu wa pombe. Wakanisomea nikatia sahihi. Kwa sentensi ile nilimchukulia Xavery jina lake, nikamchukulia Judica kisima, na wewe nikakuchukulia Ekaristi, ingawa sikujua bado.

Isidori alirudi kutoka sokoni jioni. Alipanda kule kusini peke yake akashika banzi lililobaki, akalivunja kwa goti lake. Kisha akaja stoo, akainama, akamulika chini ya mifuko kwa simu. Alisoma majina kwenye ncha za mbao, kwa sauti, taratibu, moja baada ya jingine, la mwisho likawa la Baba yetu. Akasimama. Akaniambia, Maksi, nimeziona. Akanisubiri. Alinisubiri muda mrefu, dada, hakunitania, hakuniita waziri. Mimi nilikuwa nahesabu misumari. Baada ya mazishi alifunga vifaa vyake akarudi Katesh na hajapokea simu yangu. Pale makaburini uliukataa mkono wake kwa sababu ulidhani ni fundi mzembe aliyeruhusu mlevi kupanda. Yeye aliurudisha mkono mfukoni akanyamaza, kwa ajili yetu nafikiri, siku ile ilikuwa ya kulia.

Tulizika Jumatano. Alhamisi wakaja kuniita matangani nifungue stoo, kwa kuwa funguo ninazo mimi. Mhandisi hakuwa na habari za msiba. Aliingia, akagusa mifuko, akaangalia chini, akafurahi sana. Aliandika kwenye kitabu cha wageni kwamba stoo hii ni mfano, vijiji vingine vije vijifunze. Mpaka leo Rogathe huwaonyesha watu ule ukurasa.

Jumatatu iliyopita, baada ya simu ya Sara kunikaa kifuani, nilikwenda kwa Rogathe nikamweleza yote kama ninavyokueleza wewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Alilia kidogo. Halafu akasema kwamba taarifa imeshakwenda, bweni limebakiza paa, na nikiyafufua haya kazi itasimamishwa na wasichana watalala tena kwenye vyumba vya kupanga, na Xavery hatarudi. Akasema nimpe Mungu. Nilimwambia kwamba Mungu ameshajua, ambaye hajajua ni dada yangu. Akanifungulia mlango.

Nilikwenda pia ofisini kwa kijiji. Mwenyekiti alisema nina huzuni, nipumzike, wengi wakifiwa hujilaumu. Akaniagizia chai. Kwa hiyo hakuna mahali pa kulipeleka. Mbao nimewarudishia wenyewe. Mama Fausta alinishukuru, wake umekauka na umenyooka, ameutia mlangoni kwa binti yake. Jukwaa sasa lina mabanzi pande zote. Fundi mpya hakanyagi. Nimemwambia, akaniambia nirudi stoo kwangu. Funguo nimezikabidhi, wamemweka kijana mwingine, naye ameipanga saruji kama nilivyoipanga mimi.

Basi, dada, haikuwa pombe yako. Wala haikuwa mkono wako. Ulimpa ndugu yako kinywaji siku ya furaha kama dada yeyote, akakinywa, akalala pale kwako kama mtoto, kikamtoka kichwani. Kilichomwangusha ni mimi, na ufupi wa muda ule ambao sikufungua mdomo. Nenda Jumapili ijayo ukapokee. Mwambie na Sara. Sehemu yangu nitaibeba mwenyewe, sikuombi unipunguzie.

Mama sijamwambia. Najua ningepaswa. Kila nikikaa karibu naye ananishika kichwa na kusema kwamba mimi ndiye niliyebaki, na maneno yanarudi chini. Wewe ni mkubwa wetu, utaamua kama ajue, na kama Judica aonyeshwe karatasi hii. Ukiona afadhali ipelekwe Masakta, ipeleke, hata kama wazazi wake watakuja hapa na fimbo. Nitakuwepo nyumbani.

Nisalimie watu wote wa Basotu, majirani na wanakwaya waliokuja msibani. Shemeji ukimwambia, chagua siku ambayo hajachoka. Sitegemei jibu, wala sitakulaumu ukiacha kupokea simu yangu. Mkishakaa kusali jioni, wewe na shemeji na watoto, mkafika pale mnapotaja majina ya watu wa nyumbani, naomba na mimi mnitaje, hata mwisho kabisa.

Ni mimi mdogo wako,

Maximilian Akonaay